Swichi za Rimoti katika Magari ya Kazi

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya usalama kazini katika mkutano wa tawi, mbele ya madereva, mataniboi na mafundi wa waya. Yanapigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa safarini siku ile.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama,

Twawashukuru kwa kuja leo Jumapili. Twajua wako kati yenu walioingia jana usiku kutoka Malaba na bado wana usingizi machoni, kwa hivyo hatutawachosha kwa salamu ndefu. Jambo lililotuleta hapa ni dogo kwa umbo. Linaweza kukaa katika kiganja cha mkono, nalo ni hili mnaloliona mezani: kisanduku kama cha kiberiti, na kitufe chake cha kuning'iniza pamoja na funguo. Wengi wenu mnacho. Wengine mmefungiwa na mafundi wa Grogan, wengine mmejifungia wenyewe kwa saa moja ya chakula cha mchana.

Kwanza tuseme wazi kwamba sisi hatukuja kukikataza. Kuna wazee katika tawi wanaotaka tuandike barua kwa matajiri wote kwamba vitu hivi viondolewe. Sisi hatukubali. Dereva aliyepasukiwa na gurudumu usiku pale Mai Mahiu, akabonyeza kitufe kabla hajashuka na taa za kazi zikawaka pande zote mbili za lori, yeye anajua faida yake. Tena dereva anayelala ndani ya gari kwenye maegesho, akasikia mtu anagusagusa tangi la dizeli, hana haja ya kutoka nje gizani. Abonyeza, mahali pote pawe mchana, na mwizi akimbie. Kifaa cha namna hiyo ni rafiki wa mfanyakazi. Basi tusikivunje kwa sababu ya hofu. Lakini tujue kinavyofanya kazi, na tujue mahali ambapo hakifai kuwekwa hata kidogo.

Kazi yake ni hivi. Ndani ya kitufe mna betri ndogo ya volti 12, imeandikwa 23A au 27A, si kubwa kupita pingili ya kidole. Ukibonyeza, kitufe kinatuma nambari yake hewani, kama zamani walivyosema simu ya upepo. Vingi vinatuma kwa megahezi 433, vingine kwa 315. Kisanduku kilichofungwa ndani ya gari kinasikiliza wakati wote. Kikisikia nambari ambayo kimefundishwa, kinavuta rilei ndogo, na rilei ikikutanisha mabamba yake mawili, stima ya betri inapita kwenda kwenye taa. Hakuna uchawi wowote. Ni kama askari wa lango aliyepewa neno la siri. Hatazami uso wa mtu wala haulizi shabaha yake. Akisikia neno, anafungua.

Hapo, ndugu zetu, ndipo mambo yote yanapoanzia. Askari huyu haoni. Hajui kama aliyebonyeza ni mkono wa dereva au ni paja lake lililogongana na funguo mfukoni.

Mwaka 2019 sisi wa kamati tuliitwa katika uwanja mmoja wa magari hapa Nairobi. Hatutautaja, kwa maana waliokuwa pale wanaujua, na asiyeujua hana haja nao. Palikuwa na gari la kuvuta magari mabovu, lile ambalo sote twaliita bredauni. Winchi yake ilikuja na rimoti yake ya waya, yaani kile kishikio chenye vitufe viwili na waya mrefu unaochomekwa kwenye winchi. Waya ule ulikatika, na badala ya kununua mwingine, aliitwa fundi akafunga kisanduku kama hiki kwa bei ndogo. Kilifanya kazi miezi mitatu na kila mtu alikisifu.

Siku ile taniboi alikuwa anapanga kamba ya chuma kwenye gudulia la winchi, kwa maana ilikuwa imejikunja vibaya. Dereva alikuwa na kitufe mfukoni pamoja na funguo za nyumba. Alipanda ndani ya gari kuchukua glavu. Alipoinama, kitufe kikabonyezwa. Winchi ikazunguka. Dereva hakusikia mara moja kwa sababu injini ilikuwa inanguruma, na alipojua, alitafuta kitufe katika mfuko usiokuwa wenyewe. Taniboi alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa kijana wa miaka 24.

Tulipofungua kisanduku kile tulikuta jambo la pili, ambalo ndilo lililotufanya tuanze kujifunza habari hizi. Visanduku hivi vina namna mbalimbali za kukaa. Namna ya kwanza, rilei inavutwa maadamu kidole kiko juu ya kitufe, ukiachilia, inaachia. Namna ya pili, ukibonyeza mara moja inashika na kubaki imeshika mpaka ubonyeze tena. Namna ya tatu, kitufe kimoja ni cha kuwasha na kingine cha kuzima. Mafundi huchagua kwa kuhamisha kipande kidogo cha chuma juu ya kibao, au kwa kubonyeza kile kitufe cha kufundishia mara moja, mara mbili au mara tatu. Fundi wa bredauni ile alikuwa ameacha namna ya pili. Maana yake ni kwamba winchi ilikuwa imewashwa kama taa ya ukumbini. Hata kama dereva angedondosha kitufe, hata kama betri yake ndogo ingekwisha wakati ule, winchi ingeendelea kuvuta.

Kwa taa, namna ya pili ni nzuri kabisa, kwani hakuna anayetaka kushikilia kidole huku anabadilisha gurudumu. Kwa kitu kinachovuta, kinachoinua au kinachoshuka, ni hatari tupu. Rimoti ya waya iliyokatika ilikuwa na akili kuliko hiki kipya: ukiiachilia, inasimama.

Sasa tuje kwa mafundi wetu wa waya. Tunawaheshimu, na wengi ni wanachama, lakini leo mtuvumilie.

Rilei iliyo ndani ya kisanduku ni ndogo. Nyingi zimeandikwa ampea 10. Taa mbili za wati 55 katika gari la volti 12 zinakula ampea 9 na kidogo. Kwa hesabu ya daftari inatosha, lakini kwa kweli haitoshi, kwa sababu taa ya waya wa moto ikiwa baridi hunywa stima nyingi zaidi kwa nukta moja, na stima ya betri haikatiki kwa urahisi kama ile ya nyumbani. Kila mara inapokatwa hutoa cheche, na cheche zikizidi mabamba ya rilei yanashikana. Yakishikana, bonyeza mpaka kesho, taa haizimiki. Dawa yake mnaijua wote: hiyo rilei ndogo iwe mtumwa wa kuvuta rilei kubwa ya gari, ile ya ampea 30 au 40 yenye miguu iliyoandikwa 30, 85, 86 na 87. Kisanduku kipeleke stima kwenye 86, bodi iwe kwenye 85, stima ya betri iingie 30 na kutokea 87 kwenda kwenye taa. Bei yake haizidi ya sahani chache za nyama. Na wekeni dayodi kati ya 85 na 86, upande wake wenye mstari uelekee kwenye stima, ili koili ikiachia isirushe stima nyuma na kuumiza kisanduku.

Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa. Hili tumelisema mara nyingi hata tumechoka. Fyuzi inalinda waya. Ukiiweka mwisho wa waya, ule waya wote wa mita nne unaopita chini ya gari ukisugua chuma cha fremu hauna mlinzi. Tumeona lori ambalo fyuzi yake ilikuwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Mwenyewe alituambia imefanya kazi miaka miwili bila kukatika, kana kwamba hiyo ni sifa.

Tena malori makubwa ni ya volti 24, betri mbili zimefuatanishwa, na visanduku vingi ni vya volti 12. Fundi akiogopa kukiunguza hufanya hila: anachukua stima kutoka betri moja tu. Kisanduku kinaishi, lakini betri zinaugua. Ile moja inatoa zaidi ya mwenzake, na chombo cha kuchaji hakijui habari hiyo, kinazihesabu kama kitu kimoja. Moja inabaki na njaa, ya pili inashibishwa kupita kiasi mpaka inachemka maji. Baada ya miezi michache zote mbili zimekufa na lori limesimama Mlolongo. Nunueni kisanduku cha volti 24, au chombo cha kupunguza 24 iwe 12. Hakuna njia ya tatu.

Na ule waya mmoja unaoning'inia kwenye kisanduku bila kufungwa popote, msiukate. Huo ndio sikio lake. Kwa megahezi 433 urefu wake ni kama sentimita 17, na umepimwa makusudi. Tumekuta mafundi wameukata kwa kudhani ni mabaki, kisha wanalalamika kwamba kifaa kilichoandikwa mita 100 hakisikii hata kutoka nyuma ya bodi. Mita 100 zenyewe ni za uwanjani mahali peupe. Kati ya mabati na kontena, usitegemee hata nusu yake.

Kuna habari ya nambari za siri pia. Vitufe vya namna ya zamani vina sehemu nane ndani ambazo fundi anaweza kuziunganisha kwa risasi juu, chini, au kuziacha. Hesabu yake inatoa nambari 6,561. Ni nyingi, lakini mara nyingi vinatoka kiwandani vyote vimeachwa hivyo hivyo, na fundi naye havigusi. Basi gari lako na gari la jirani yako zina neno moja la siri. Katika uwanja ule ule tuliousema, tulisimama tukabonyeza kitufe cha bredauni moja na taa ya bredauni ya pili ikawaka. Kila mtu akacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana kijana alikuwa bado hospitalini. Vitufe vya namna mpya kidogo hupewa kila kimoja nambari yake kiwandani, zaidi ya milioni moja, na hivyo ni afadhali. Lakini hata hivyo nambari ni ile ile kila siku, na mwenye chombo cha kunasa anaweza kuiiga. Kwa taa haidhuru sana. Kwa kuzima injini au kufungua milango, msiitegemee. Na kitufe kikipotea, siku hiyo hiyo futeni nambari zote katika kisanduku na kufundisha upya. Katika visanduku vingi ni kubonyeza kile kitufe cha ndani mara nane. Jaribuni kitufe cha zamani mhakikishe kimesahauliwa.

Sasa turudi kwa winchi, kwa maana huko ndiko damu ilikomwagika.

Baada ya ajali ile sisi tulikaa tukatunga kanuni: rimoti ishikwe na yule ambaye mikono yake iko kwenye kamba. Tuliona ni haki, kwani hakuna mtu atakayejikata mwenyewe. Tukaipeleka kwa mataniboi. Mmoja wao, mtu mzima aliyefanya kazi hii tangu enzi za Bedford, akatuuliza: "Nikiinama juu ya winchi nayo iko mfukoni mwangu, mfuko wangu una tofauti gani na wa dereva?" Tulinyamaza. Kanuni yetu ilikuwa ya watu wa mezani.

Yeye ndiye aliyetupa kanuni tunayoileta kwenu leo. Kati ya betri na winchi pawe na swichi kuu ya kuzungusha yenye ufunguo wake unaotoka. Winchi hula ampea zaidi ya 300 ikiwa na mzigo, kwa hivyo swichi iwe nene ya kazi hiyo. Kabla mkono haujagusa kamba, swichi izimwe, ufunguo utoke, na ufunguo ukae kwa yule mwenye kugusa. Hapo hata vitufe kumi vikibonyezwa, hata jirani akibonyeza chake, winchi ni chuma kilicholala. Vivyo hivyo kwa sahani ya kuinulia mizigo nyuma ya lori, na kwa tipa: hakuna mtu kuingia chini ya bodi lililoinuliwa kwa kutegemea kitufe, wala kwa kutegemea mafuta ya pampu. Ligongwe nguzo ya chuma kwanza.

Na kwa winchi rimoti ya waya irudishwe. Tajiri akitaka isiyo na waya, anunue ile iliyotengenezwa na wenye winchi, inayosimama ukiachilia, si kisanduku cha taa kilichopandishwa cheo.

Ndugu, mtauliza, fundi wa mtaani akija ametumwa na bosi, taniboi atasema nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi neno la kusema. Inamtaka atoe habari kwa msimamizi wake akiona jambo lenye hatari kubwa, na mpaka litengenezwe, mwenye kazi asimlazimishe kurudi mahali pa hatari ile. Toeni habari kwa maandishi. Karatasi moja, tarehe, nambari ya gari, nakala kwa mwakilishi wa chama. Neno la mdomo hupotea kama moshi wa dizeli.

Kijana wetu aliambiwa kwamba ni uzembe wa dereva, kwa hivyo adai dereva. Hilo halikuwa kweli. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, mfanyakazi aliyeumia kazini hadai kwa kuonyesha kosa la tajiri wala la mwenzake. Ameumia kazini, basi. Na mwajiri ana siku 7 baada ya kupata habari za ajali kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Siku hizo 7 zilikuwa zimepita na hakuna karatasi iliyoandikwa, mpaka tawi lilipoingia. Fidia ililipwa, lakini ilichelewa, na mama yake aliuza ng'ombe kwa ajili ya hospitali. Ng'ombe huyo hakuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Jambo la betri limewauma wengi wenu, tunajua. Dereva anawasha taa za kazi kwa kitufe, anasahau, au mfuko unaziwasha yeye amelala. Ampea 9 kwa saa 8 ni 72, nayo betri ya kawaida ni ya 70 au 75. Asubuhi gari halizunguki, na mwisho wa mwezi bei ya betri imekatwa katika mshahara. Sikilizeni. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kusahau si makusudi. Kifaa kilichofungwa vibaya na mtu mwingine hakiwi makusudi ya dereva. Aliyekatwa namna hiyo alete hati ya mshahara ofisini, hata kama ni ya mwezi uliopita. Lakini tusijifanye hatuna la kufanya sisi wenyewe: wekeni taa ndogo nyekundu karibu na usukani, iungwe na 87 ili iwake kila taa za kazi zinapowaka. Na kitufe kiwe na kifuniko, au kiningʼinizwe ndani ya gari, kisiishi mfukoni na funguo. Mwenzetu mmoja alituambia anakiweka katika kopo la tumbaku. Hatukuona kosa lolote.

Kisanduku chenyewe, tuongeze, kikiwa kimekaa tu bila kazi kinakula kidogo sana, ampea sehemu moja ya mia au chini yake. Mwezi mzima ni kama 7 hivi. Kwa gari linalotembea kila siku si neno. Kwa lori linalongojea vipuri uwanjani miezi miwili, toeni fyuzi yake.

Kamati imeandika karatasi ya mambo tutakayowaletea waajiri: swichi kuu yenye ufunguo kwa kila gari lenye winchi, rimoti za waya zirudishwe, na kila kifaa kinachofungwa kiandikwe katika kitabu cha gari pamoja na jina la fundi na namna aliyokiweka. Hili la mwisho mafundi wengine hawalipendi. Wanasema watalaumiwa. Sisi twasema fundi aliyefanya kazi njema, kitabu ni shahidi wake, na aliyekuwa akifunga winchi kwa kisanduku cha taa ni afadhali aanze kuona haya sasa. Tutapiga kura ya karatasi hiyo baada ya chai.

Kabla ya chai, kila mwenye kitufe akilete hapa mezani. Magari sita yako nje. Tutabonyeza kimoja kimoja, na mtu asimame mlangoni atuambie ni gari gani limewaka. Madereva wa zile bredauni mbili, zimeni swichi zenu kwanza, na mataniboi wakae mbali na kamba.